Namba Wani wa Njia Panda
Sehemu ya saba: Harambee ya nyota

Mlipomwacha Winrose wiki jana alikuwa amesimama mbele ya ukumbi wa kanisa pale Karagita, simu mkononi, waumini wakimpigia makofi, na tabasamu limemganda mdomoni. Mmeniuliza wiki nzima aliona nini kwenye kioo cha ile simu. Haya, sogeeni.

Aliona mbili nukta moja.

Asubuhi hiyo hiyo, biashara yake ya kukodisha baiskeli kwenye njia panda ya kwenda mbuga ya Hell's Gate ilikuwa na nne nukta nane kwenye ramani ya Google. Wageni ndio waliompa nyota hizo, mmoja mmoja, kwa miaka, kila mtu aliporudi kutoka kwenye korongo akiwa na vumbi puani na furaha moyoni. Lakini Winrose alitaka zaidi. Wengine hufanya harambee ya pesa, yeye akaitisha harambee ya nyota. Kila muumini atoe simu, aingie kwenye waifai ya kanisa, atafute jina la Winrose, abonyeze nyota na aandike neno jema.

Walitoa. Walitoa kwa moyo mkunjufu, na sasa jina lake lilikuwa chini kuliko la kibanda cha chipsi kilichowahi kuharisha basi zima la watalii.

"Nani amefanya hivi?" Winrose aliuliza.

Mkono mmoja ukainuka, taratibu, kama wa mtoto anayejua jibu. Ulikuwa wa Shosho Njoki, bibi anayechoma mahindi kila Jumamosi kwenye kona ya uwanja wa Winrose.

"Mimi nilibonyeza wa kwanza kabisa, mama. Nikabonyeza moja."

"Moja?"

"Si ulisimama hapo ukasema unataka kuwa namba wani? Mtu akiwa namba wani si ni moja? Namba tano ni mtu ameshindwa na wengine wanne."

Vilemba vyote vya mbele vikaitikia. Hao ni watu waliopeleka watoto shule, wakangoja ripoti kila muhula, na wanajua moja ni nini na tano ni nini. Walimtakia makuu wakampa moja. Na chini ya kila moja waliandika baraka: "Mungu ni mwema." "Mungu akuinue dada yetu." "Nyota yako ing'ae hadi Nairobi."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angecheka, akawashika mikono, akaenda nyumbani kufikiri. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Winrose hakujikwaa tu, alianguka kifudifudi.

"Shosho, wewe hata kusoma hujui," alisema, mbele ya kipaza sauti. "Nani alikuambia ushike simu? Na nyinyi nyote. Mtu akiona kitu hakielewi, si afunge mdomo afanye vile anaambiwa? Mmenimaliza. Mmenimaliza na ujinga wenu."

Mchungaji alikohoa. Shosho Njoki alichukua simu yake ndogo, akaifuta kioo kwa pembe ya leso, akaifunga fundo ndani ya leso hiyo.

"Sawa, mama," alisema. "Nimesikia."

Msomaji, ukisahau mengine yote ya leo, usisahau sawa ile.

Jumatatu, kabla Winrose hajamaliza kuziba pancha ya kwanza, simu ililia. Alikuwa Natalie, yule dada wa kampuni ya Nairobi anayepanga safari za wafanyakazi wenzake. Mnamkumbuka: ndiye aliyeahidi basi zima la watu Jumamosi hii, waendeshe baiskeli ndani ya Hell's Gate, wale nyama, warudi.

"Winrose, sasa. Kuna kitu sielewi," Natalie alisema. "Reviews zenu zimekuwa weird sana. Mtu anasema Mungu ni mwema halafu anawapa nyota moja. Mmefanyia watu nini?"

"Ni makosa tu ya wazee wa kanisa."

"Boss wangu ameona. Anasema hawezi kuweka watu kwa baiskeli za nyota moja, mtu akianguka atasemaje? Tutaangalia tena Ijumaa. Kama mko sawa, tunakuja. Kama sivyo, pole sana, kuna wengine hapo junction."

Kuna wengine hapo junction. Wengine ni Jerop. Jerop wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa rafiki wa Winrose enzi zile walipogawana pampu moja, kabla hawajaanza kugombania wageni hadi wakaacha kusalimiana.

Simu haijapoa mkononi, mwenye ploti akaingia. Mzee Gathogo hapigi hodi kwenye ardhi yake. Aliangalia baiskeli zilizopangwa kwa mstari, akaangalia kivuli cha mgunga, akaangalia bomba la maji, kama mtu anayekagua ng'ombe wa kuuza.

"Mama Bikes, hapa kumelala."

"Jumamosi kuna basi, mzee. Basi zima."

"Nimesikia hiyo wimbo mwezi jana. Mimi ploti yangu naitaka ikiwa na watu. Jumamosi nikikuta kumelala, Jumatatu nampa mwenye anaweza kuleta watu. Wako. Wananisumbua kila siku."

Basi, tuelewane. Basi la Natalie likija, Winrose anabaki. Lisipokuja, kivuli, bomba na ile kona ambayo kila mgeni huiona kabla ya kona nyingine yoyote vinakwenda kwa mtu mwingine, na yeye anabaki na baiskeli zisizo na pa kuegemea. Mbali na kona ile, baiskeli za kukodi ni vyuma tu.

Jumanne alikuwa Naivasha mjini, juu ya duka la dawa, kwenye ofisi ya Ephantus.

Kwa mliojiunga nasi leo: Ephantus ndiye bingwa wa mtandao wa hapa kwetu. Viatu vyeupe, simu tatu, na maneno laini. Ndiye aliyekuja uwanjani kwa Winrose miaka iliyopita, akapiga picha baiskeli, kivuli na bomba, akamweka kwenye ramani. Na ndiye aliyemwambia kwamba mwenye nyota nyingi ndiye hukaa juu.

"Futa hizo nyota," Winrose alisema kabla hajaketi. "Si ulisema uko na mtu ndani?"

Mnaona, Winrose aliamini Google ni ofisi kama ofisi nyingine. Mlango wa mbele wa kupanga foleni, mlango wa nyuma wa wanaojuana, na huko ndani karani mwenye muhuri, ambaye ukimjua rafiki yake mambo yako yanasonga. Sehemu kubwa ya biashara ya mjini Naivasha inaamini hivyo, na Ephantus anavaa viatu vyeupe kwa sababu ya imani hiyo.

"Mtu wangu ndani amehamishwa," Ephantus alisema, kwa huzuni. "Sahii nyota haifutiki."

"Basi niwaambie wabadilishe. Wote wabonyeze tano."

"Wote, siku moja, waifai moja ya kanisa? Google itasema umenunua watu. Watatoa zote, hata zile nzuri za wazungu. Ile harambee yenyewe ilikuwa mbaya. Ungeniuliza."

"Wewe ndiye uliniambia nyota ndiyo kila kitu."

"Nilisema nyota inasaidia. Mtu akiwa na simu pale geti, anaandika anatafuta baiskeli, ramani inamwonyesha mwenye yuko karibu. Wewe ulikuwa unapata watu kwa sababu ya kona, Winrose. Kona tu. Ungekuwa Gilgil na nyota mia moja, nani angekuja?"

Alisema hivyo huku akitabasamu, na maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Winrose hakuyasikia. Mtu aliyeshikwa na hofu husikia kile tu alichokuja kununua.

"Basi nipe password ya hiyo kitu yangu. Nitajaribu mwenyewe."

"Password ya nini? Iko hapa kwa simu yangu, iko salama. Nashikilia za watu wengi."

"Lakini ni yangu."

"Ni yako. Mimi nashikilia tu." Akavuta kiti karibu. "Skia, nyota haifutiki. Lakini mtu anafutika."

"Mtu gani?"

"Jerop. Ukiingia kwa ramani, mahali popote, kuna pahali unaweza kuripoti kwamba hii biashara imefungwa kabisa. Mtu mmoja akiripoti, hakuna kitu. Lakini kanisa zima likiripoti, ramani inaamini. Ijumaa Natalie akitafuta, Jerop ameandikwa amefungwa, wewe ndiye umebaki. Mtu akikuta duka ni moja hachagui."

Winrose aliwaza Jerop na ile pampu waliyogawana. Aliwaza watoto wa Jerop, ambao mmoja wao yeye Winrose ndiye aliyempa jina. Kisha akawaza Mzee Gathogo akikagua kivuli.

"Utanitumia lini?"

"Kesho asubuhi nakurushia link. Wewe sambaza tu."

Nitasema ukweli wangu hapa, msomaji. Ningempenda Winrose zaidi kama angesitasita hata ngazi mbili za lile jengo. Hakusitasita. Alishuka akinunua mkate na sukari kwa ajili ya ushirika wa akina mama wa Jumatano.

Link ilifika akiwa jikoni. Hakuifungua. Aliisambaza kwenye kundi la akina mama moja kwa moja, akajifunga kitambaa, akaenda ushirika na mkate wake.

Akina mama walikuwa wameketi nyumbani kwa shemasi, wengi wao wale wale wa vilemba vya mbele. Winrose aliwakata mkate kwa mkono wake. Aliwamiminia chai. Aliwaita mama zangu.

"Jumapili nilikuwa na hasira," alisema. "Tusahau. Leo nimewaletea njia ya kurekebisha zile nyota. Fungueni hiyo kitu nimetuma kwa grupu. Kuna mahali pameandikwa 'pamefungwa kabisa'. Bonyeza hapo, halafu tuma. Ni hivyo tu."

"Na hiyo inarekebisha?" shemasi aliuliza.

"Inarekebisha kabisa."

Alidanganya mezani, mkate wake mwenyewe mkononi, baada ya maombi ya kufungua. Simu zikatolewa kwenye leso na mikoba. Miwani ikavaliwa. Wakaanza kusoma. Mama mmoja alimtazama mwenzake. Mwenzake akainua mabega.

Shosho Njoki aliisogeza simu mbali na uso, akairudisha karibu.

"Mama, lakini hapa mimi naona—"

"Shosho." Winrose aliweka birika chini. "Tulisema nini Jumapili?"

"Ulisema nifunge mdomo, nifanye vile naambiwa."

"Basi."

Shosho Njoki alimwangalia muda kidogo. Kisha akabonyeza. Na wengine wote, walipoona yeye amebonyeza, wakabonyeza.

Ijumaa Winrose alipiga simu ya Natalie. Haikushikwa. Akapiga tena, haikushikwa. Alijituliza kwamba watu wa Nairobi wana mikutano. Jioni aliosha kila baiskeli kwa sabuni, akapaka mnyororo mafuta, akaipa ile nyekundu, iliyo nzuri kuliko zote, kiti kipya.

Jumamosi asubuhi alifika njia panda ikiwa bado na baridi ya ziwa. Ng'ambo ya barabara, Jerop alikuwa ameketi nje ya kibanda chake, mikono mapajani, hafanyi kitu. Winrose alimwona, akafurahi. Lazima niandike hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alifurahi mpaka akaanza kuimba wimbo wa kanisa.

Ujumbe wa Natalie uliingia katikati ya wimbo.

"Hi Winrose, tumeona mmefunga biashara kabisa. Poleni sana, hizi nyakati ni ngumu. Tumepata wengine hapo hapo junction, tuko njiani. Mungu awafungulie mlango mwingine."

Akausoma tena. Mmefunga. Akaenda kwenye kundi la akina mama, akapanda juu hadi Jumatano, na kwa mara ya kwanza akaifungua ile link aliyoituma kwa mkono wake.

Ilikuwa picha ya baiskeli zake. Kivuli chake. Bomba lake. Jina lake kwa herufi kubwa, na chini ya jina, kwa rangi nyekundu: Pamefungwa kabisa.

Alikaa chini, palepale kwenye changarawe. Kwenye kona ya uwanja, Shosho Njoki alikuwa akipuliza jiko lake la mahindi.

"Shosho," Winrose alisema. "Ile Jumatano. Mliona jina langu?"

"Tuliona."

"Wote?"

"Wengi. Wakadhani pengine hawaelewi. Si uliwaambia hawaelewi?"

"Na wewe?"

Shosho Njoki aligeuza hindi moja, akalipangusa majivu.

"Mimi Biblia naisoma kila asubuhi, mama. Mwanzo mpaka Ufunuo, nimemaliza mara sijui ngapi. Nani alikuambia sijui kusoma?" Akageuza jingine. "Nilielewa. Nilitaka kukuambia, ukanifunga mdomo mara ya pili. Basi nikabonyeza. Nikarudi nyumbani nikabonyeza tena na simu ya marehemu mzee wangu."

Winrose aliigeuza simu kifudifudi kwenye changarawe.

"Nimekuombea tangu uje hapa," Shosho alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Uliniita mjinga kwa kipaza sauti."

Honi ikapigwa barabarani.

Lilikuwa basi. Basi kubwa, jeupe, limejaa watu wenye kofia na miwani ya jua. Liliwasha taa ya kukata kona, na Winrose akainuka mbio, kwa sababu halikukata kuelekea kwa Jerop. Lilikata kuingia kwake. Liliingia chini ya kivuli chake na kusimama kando ya bomba lake.

Mlango ukafunguka. Wa kwanza kushuka alikuwa na viatu vyeupe.

Wa pili alikuwa Mzee Gathogo.

"Niaje, Winrose," Ephantus alisema. "Naona umeosha mali. Vizuri."

Wageni walishuka wakinyoosha miguu. Mmoja wao, dada mrefu mwenye fulana ya njano, alikuwa akisoma kwenye simu kwa sauti: "Hell's Gate Junction Bikes. Ndiyo hii. Hata picha ni ile ile, ona hilo bomba." Winrose aliitambua sauti. Ndiye Natalie.

Picha ni ile ile. Miaka yote hiyo, Ephantus alikuwa ameshikilia.

"Link uliyonipa ilikuwa yangu," Winrose alisema, chini chini.

"Ee. Na ya Jerop ilikuwa ya Jerop." Ephantus aliongea kama anayeeleza bei ya nyanya. "Alikuja Jumatatu, wewe ukaja Jumanne. Yeye alitumia watu wa chama chake cha kuweka akiba. Kila mtu alitaka mwenzake afungwe, na nikawafungia. Sasa kwa hii junction kwa ramani kumebaki biashara moja, yangu. Niliifungua tangu Krismasi, na picha zako, nikaiacha ilale."

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Methali hii mlifundishwa darasa la nne, na Winrose pia.

"Mzee," Winrose alimgeukia Gathogo. "Unajua huyu amefanya nini?"

"Mimi nilisema ploti ni ya mwenye analeta watu," Mzee Gathogo alijibu, akihesabu vichwa kwa macho. "Watu ndio hawa. Wewe ndiye umewaleta?"

Ephantus alifungua mkoba, akatoa fulana mbili za kijani zilizoandikwa mgongoni jina la biashara yake. Moja aliirusha hewani. Aliyeidaka alikuwa Jerop, ambaye alikuwa amevuka barabara bila Winrose kumwona, macho mekundu. Jerop aliivaa. Kwake ilikuwa tayari imeamuliwa.

Ya pili akamnyooshea Winrose.

"Baiskeli ni zako, hakuna mtu anakunyang'anya. Zitafanya kazi hapa, na wewe utafanya kazi hapa. Kupampu, kuziba, kuosha. Kuongea na wateja niachie mimi. Ama ufunge minyororo uende nazo, uone mgeni gani atakutafuta Karagita kwa nyumba ya chumba kimoja."

Fulana ilikuwa na jina kifuani, limeshonwa kwa uzi mweupe: Winrose. Ilikuwa saizi yake. Na mshonaji wa pale stendi huchukua wiki mbili kushona jina, kila mtu wa Naivasha anajua hilo.

Akaivaa.

Ndiyo, aliivaa. Mnaolaani mkiwa mmekaa, mngefanya nini?

Kwa muda kazi ilikwenda. Jerop aligawa helmeti, Winrose akapima viti, na wanawake wale wawili wakapishana mara kadhaa bila kutazamana. Ephantus alipiga picha za wageni, akawaambia wasisahau kutoa nyota tano, na akawaelekeza vizuri kabisa ni ipi ya tano.

"Mimi ndiye nitaongoza," alitangaza. "Nitachukua ile nyekundu. Wewe, iangalie breki."

Wewe. Jina lilikuwa kifuani, kubwa, na bado akamwita wewe.

Winrose alichukua spana akaenda kwenye baiskeli nyekundu. Alipiga magoti upande wa ukutani, mgongo kwa watu. Ndani ya Hell's Gate kuna mteremko wa changarawe wenye kona mbaya, ambapo baiskeli huenda yenyewe bila kukanyagwa, na ambapo kila kiongozi huachia kwa mbwembwe ili wageni wamuone. Winrose alimwona Ephantus kwenye kona ile. Alimwona na viatu vyake vyeupe. Alijiambia ni kuanguka tu, kuchubuka kidogo, aonje.

Akalegeza waya wa breki ya mbele. Akalegeza na wa nyuma. Akaziacha nyaya zimeshikilia kwa uzi tu, za kushika breki mara ya kwanza na kuachia mara ya pili.

Aliposimama, mkono wa mtu ulikuwa tayari kwenye usukani.

"Hii ni poa sana," Natalie alisema, akipanda juu ya kile kiti kipya. "Ephantus, nipee hii. Wewe chukua ingine."

"Chukua, madam. Mteja ni mfalme."

"Hapana," Winrose alisema. "Hiyo, hiyo haiko—"

"Wewe." Ephantus alimsogelea, bado anatabasamu kwa ajili ya wageni, na maneno yakatoka kupitia meno. "Tulisema nini? Wateja niachie mimi. Wewe funga mdomo, ufanye vile unaambiwa."

Mzee Gathogo alikuwa akitazama. Jerop alikuwa akitazama. Natalie alikuwa amekwisha kanyaga, fulana ya njano ikipita chini ya mgunga, ikitoka kwenye kona, akicheka, akiwaita wenzake wamfuate. Wakamfuata, wote.

Winrose alisimama na spana mkononi. Akageuka, na macho yake yakakutana na ya Shosho Njoki, aliyekuwa ameketi nyuma ya jiko, mahali ambapo ukuta haumzibi mtu kuona.

"Shosho," alinong'ona. "Umeona nikifanya nini?"

Shosho Njoki alichukua hindi lililoiva, akalifunika kwa ganda, akaliweka kando.

"Nimeona, mama," alisema. "Lakini mimi si huwa sielewi."